Kumtembelea na kutembea naye: watu wazima wenye ulemavu katika maisha ya kanisa na mji

Makanisa mengi ya mashariki yanajua kuwatembelea watu wenye ulemavu. Inapofika Krismasi au Pasaka, akina mama wanakusanya sabuni, chumvi, sukari na kitenge, kwaya inatangulia, maombi yanafanyika mlangoni, na kabla jua halijawa kali kundi limekwisha kuondoka. Kazi hiyo ni njema na hatutaki ipungue. Lakini lugha yetu inatofautisha kumtembelea mtu na kutembea naye. Makala haya yanahusu hilo la pili: mtu mzima mwenye ulemavu anatokaje nyumbani ili aende kule wengine wanakokwenda, akiwa mwenzao wa njia?

Tunasema mtu mzima kwa makusudi. Mtoto mwenye ulemavu, hata pale anapokosa shule, bado anachezewa na wenzake na mama yake humbeba mgongoni hadi ibadani. Miaka inapita. Wenzake wanaoa na kuolewa, mama anazeeka na mgongo wake hauwezi tena, naye anabaki nyuma ya nyumba. Hapa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, kazi yake mara nyingi ni kufukuza ndege na mbuzi wasile samaki walioanikwa. Ana miaka thelathini na mitano, lakini watu wakipita wanamuulizia habari zake kwa mtu mwingine: "Huyu amekula?" Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Ni watu gani

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, yaani karibu mtu mmoja kwa kila sita duniani. Katika Ituri sababu zake tunazijua kwa macho. Wako waliopooza miguu kwa polio walipokuwa wadogo. Wako waliokatwa mikono au miguu katika vita vya 1999 hadi 2003, na katika mauaji yaliyoanza tena upande wa Djugu mwishoni mwa 2017 na kufika hata katika teritware yetu ya Mahagi. Wako walioanguka na moto barabarani. Wako viziwi, wasioona, wenye ualbino, na wenye ulemavu wa akili, ambao ndio wanaofichwa zaidi.

Tena kuna kifafa. Katika zone ya afya ya Logo, ndani ya teritware ya Mahagi, watafiti wamekuta vijiji ambavyo kifafa ni kingi kupita kiasi cha kawaida, na wamekihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoletwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana dawa ya ivermectin, ambayo wengi wanaijua kama Mectizan, inagawiwa vijijini. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu hakuna ulemavu unaomfungia mtu mzima nyumbani katika nchi hii kama kifafa. Watu wanaogopa povu la mgonjwa wakidhani linaambukiza. Haliambukizi. Kifafa hakipiti kwa mate, kwa sahani wala kwa kulala kwenye mkeka mmoja.

Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa wazee na watu wanaoishi na ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja waziwazi haki ya kushiriki utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tunayo pia sheria yetu wenyewe, nambari 22/003. Kwa hiyo anayemleta ndugu yake kwenye mechi ya mpira hajafanya anasa. Amemfikisha kwenye haki yake.

Mefiboshethi na punda wake

Wahubiri wanapenda kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, na wana haki. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na ulemavu wa miguu yote miwili, naye alikaa Lo-debari katika nyumba ya watu wengine. Daudi angeweza kumpelekea magunia ya ngano huko huko. Badala yake alimwita Yerusalemu ale mezani pake siku zote. Jambo ambalo mahubiri mengi yanaliruka ni kwamba Mefiboshethi alikuwa mtu mzima kabisa. Sura hiyo hiyo inasema alikuwa na mwana mdogo aliyeitwa Mika. Alikuwa baba wa mtu, na mfalme alimkalisha pamoja na wanawe.

Lakini hadithi haiishii hapo. Katika sura ya 19, Daudi anaporudi kutoka uhamishoni, anamuuliza Mefiboshethi kwa nini hakufuatana naye. Jibu lake linatugusa sisi wa barabara mbaya na moto za kukodi: alitaka kutandikiwa punda apande aende, kwa kuwa hakuweza kutembea, lakini mtumishi wake Siba alimdanganya. Tayari katika sura ya 16 Siba alikuwa amekwenda kwa mfalme na punda, akimsema bwana wake vibaya. Alikuwa na nafasi mezani na mali, lakini hakuwa na njia ya kufika. Mwenye kushika punda ndiye aliyeamua kama atakwenda, na ndiye aliyesikilizwa kwanza kuhusu nia yake.

Katika kila nyumba yenye mtu mzima mwenye ulemavu yuko anayeshika punda: kaka mwenye moto, dada mwenye ufunguo wa mlango, mama anayeogopa maneno ya majirani. Wengi wao hawana ubaya wa Siba. Wamechoka tu, au wana aibu. Kanisa likitaka kutembea na mtu huyo, lizungumze na wote wawili, na lianze na mwenyewe. Tunasisitiza mpangilio huo. Ukianza na kaka, utapata jibu la kaka.

Mahali pa kwenda

Neno "matembezi" linaweza kumletea msomaji picha ya basi, chakula kwenye majani na fulana za rangi moja. Hayo yana nafasi yake, hasa kwa mtu ambaye hajatoka nje ya uwanja wa nyumba kwa miaka: anahitaji siku moja ya kwanza iliyoandaliwa vizuri, pamoja na wachache anaowaamini. Lakini siku ya pekee ya watu wenye ulemavu, mara moja kwa mwaka, inaweza kuwa ukuta mwingine. Wanaletwa, wanapigwa picha, wanarudishwa. Swali letu ni watu wazima wa mji huu wanakwenda wapi siku zote. Wanakwenda sokoni, kwenye harusi, kuangalia mpira, kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye kongamano la vijana au la akina mama, pwani mitumbwi inaporudi asubuhi. Wanakwenda Panyimur, upande wa Uganda, kuuza na kununua.

Wanakwenda pia kwenye kilio, na hapo tungependa kukaa kidogo. Mahali ambapo mtu mzima anatambuliwa kuwa mtu wa ukoo, hapa kwetu, ni kwenye matanga. Anakaa na wenzake usiku, anaota moto, anasikia habari za marehemu, anachanga. Mwenye ulemavu mara nyingi ndiye anayeachwa kulinda nyumba wengine wakienda, hata kama aliyekufa ni shangazi yake aliyemlea. Tunashauri mashemasi wawe na kazi hii: kilio kikitokea, mmoja wao aulize kwa jina ni nani katika familia hajaletwa, na moto itafutwe. Na daftari la michango likipita, jina lake liandikwe kama majina mengine, hata kama ametoa franka mia tano. Asiyeandikwa kwenye daftari hilo hakuwepo.

Sokoni tunasema jambo moja tu: mpe fedha mkononi, achague na alipe mwenyewe. Kumnunulia soda mtu mzima huku akiangalia ni kumrudisha utotoni.

Maandalizi yanayosahauliwa

Kitu kinachowazuia watu wengi kutoka, kuliko hata njia, ni choo. Mtu asiyeweza kuchuchumaa hawezi kutumia choo chetu cha shimo, na tunajua kwamba wapo wanaokataa kunywa maji tangu asubuhi ili siku ipite bila aibu. Kwenye joto la kando ya ziwa hilo ni hatari. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati kwa mbao chache. Kiti hicho kinawekwa juu ya shimo na kinafuata kundi kila liendako. Kanisa likikosa fedha za vitu vyote, lianze na kiti hicho.

Baiskeli ya magurudumu matatu na kiti cha magurudumu vinashindwa na mchanga wa pwani. Matairi membamba yanazama. Kukivuta kiti kinyumenyume ni rahisi kuliko kukisukuma mbele, na mikeka au mbao mbili zinazohamishwa zinasaidia mahali pabaya zaidi. Kumbeba mtu ni jambo la mwisho, na anayebebwa aulizwe kwanza abebwe vipi na nani. Yeye anaujua mwili wake. Wanaume wanne wenye nguvu na haraka wanaweza kumvunja mtu bega kwa upendo mwingi.

Asiyeona ashike kiwiko chako. Usimkokote kwa fimbo yake. Mwambie mnachopita: mitumbwi mingapi imerudi, nani anauza kapiteni mkubwa leo, nani amekuja na kofia mpya. Mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na kivuli, hasa ziwani ambako mwanga unarudi kutoka kwenye maji, kwa hiyo mipango ya saa sita mchana haimfai.

Kiziwi anahitaji watu wanaojua ishara, na mwanga jioni ili mikono ionekane. Taa moja inayomulika mikono ya anayetafsiri ndiyo inayoamua kama atakaa nasi au atakaa kando yetu. Makanisa yafahamu kwamba lugha za ishara zinazotumika katika shule nyingi za viziwi barani Afrika zina deni kwa mtumishi wa Mungu aliyekuwa kiziwi mwenyewe, Mmarekani Mweusi Andrew Foster. Kuanzia Ghana mwaka 1957 alifungua shule zaidi ya 30 katika nchi 13, hadi alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. (Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa ulitangaza siku hiyo hiyo ya mwezi kuwa siku ya watu wenye ulemavu, jambo ambalo limetokea tu hivyo, lakini hatulisahau.) Vijana wanne wa kwaya wanaweza kujifunza ishara hamsini kwa mwezi mmoja, kama kiziwi wa kanisa ndiye mwalimu wao.

Kifafa na ziwa

Tuseme wazi. Watu wengi wa hapa wanapofikiria siku ya furaha wanafikiria ziwa, na kwa mwenye kifafa maji ndiyo hatari kubwa, pamoja na moto wa jikoni. Kwa sababu hiyo familia nyingi zinamkataza kutoka kabisa. Sisi tunaona njia ya kati inawezekana, nayo inataka nidhamu.

Ambaye mishtuko yake bado inamjia asipande mtumbwi, hata akiwa na jile ya kuelea, na asioge ziwani. Kwenye mchanga, mbali na maji, akiwa na mwenzi aliyekubali kazi hiyo kwa siku nzima, anaweza kukaa, kula, kuimba na kuhukumu mechi. Mwenzi huyo asiwe mtu anayetaka naye kwenda kuogelea. Dawa zake, ambazo kwa wengi ni fenobarbitali, zimezwe saa yake hata siku ya safari. Kuruka siku moja ndiko kunakoita mshtuko. Asikeshe usiku wa kabla.

Mshtuko ukimjia, mwondolee vitu vigumu vilivyo karibu, weka nguo chini ya kichwa, angalia saa. Usimkamate kwa nguvu. Usimtie kijiko, kidole wala kijiti mdomoni, wala maji. Mikono ikitulia, mlaze kwa ubavu. Ukipita dakika tano, au wa pili ukifuata kabla hajazinduka, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Akiamka atakuwa amechoka na pengine amejikojolea: kitenge kimoja cha akiba kinaokoa heshima yake. Wengine waendelee na walichokuwa wakifanya, wasisimame duara kumwangalia. Maombi kwa sauti ya kukemea juu ya mtu aliyelala mchangani yanamfanya asirudi tena, nasi wachungaji ndio wenye neno la kuyazuia. Tumwombee akiwa ameamka, akitaka, kwa sauti ya kawaida.

Ulinzi

Mwanamke mwenye ulemavu wa akili, au asiyeweza kukimbia, au asiyeweza kusema, ni windo rahisi. Hatusemi hivi ili abaki nyumbani, kwa maana hata nyumbani wengi wanaumizwa. Kanuni ni chache. Asisafirishwe peke yake na mwanaume mmoja, hata huyo akiwa shemasi, hata akiwa mchungaji. Wasindikizaji wawe wawili, na wa kumsaidia chooni au kubadili nguo awe mwanamke. Arudi nyumbani kabla ya giza na akabidhiwe kwa mtu anayejulikana. Akisema jambo lililomtisha, asikilizwe kama mtu mzima anavyosikilizwa.

Kwa nini tuweke kanuni hata juu ya watumishi wanaoheshimiwa? Ndugu zetu Wakatoliki wametufundisha mambo mawili katika habari moja. Pasaka ya 1971, watu wapatao 12,000 walikusanyika Lourdes, Ufaransa, na 4,000 kati yao walikuwa na ulemavu wa akili. Safari hiyo ilitokana na familia moja ambayo watoto wake wawili walikuwa wamekataliwa katika hija. Waliporudi makwao vikundi vilikataa kutawanyika, na vikawa Foi et Lumière, mikutano ya kila mwezi ya kula, kuimba na kusali pamoja ambayo leo iko katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Matembezi ya siku chache yalizaa ushirika wa miaka. Lakini mmoja wa waanzilishi wake, Jean Vanier, ambaye dunia nzima ilimwita mtakatifu, alikufa 2019, na mwaka uliofuata L'Arche, jumuiya aliyoianzisha, ilichapisha yenyewe uchunguzi ulioonyesha kwamba aliwatumia vibaya kingono wanawake waliomwendea kwa ushauri wa kiroho. Waathirika waliotajwa hawakuwa na ulemavu. Hata hivyo, kama mtu wa sifa namna hiyo alihitaji kuangaliwa, sisi tunahitaji zaidi.

Kuhusu usalama wa njia: tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi. Kundi lolote litakalotoka mbali na mtaa wake limjulishe chifu mapema, liulize habari za barabara asubuhi ile ile, na liwe na orodha ya watu. Wanaoweza kukimbia wakubaliane kabla ya safari ni nani atakayekaa na nani. Jambo hilo halipangwi risasi zikiwa zimeanza.

Wanachotuletea

Kuna woga mmoja ambao hausemwi: kwamba kundi litachelewa, litachoka, halitafurahi. Ni kweli kwamba litachelewa. Lakini Goma, kwenye mpaka na Gisenyi, watu wenye ulemavu kwa baiskeli zao za magurudumu matatu ndio wanaowavushia wengine mizigo. Busia, kati ya Kenya na Uganda, ni vivyo hivyo. Na wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao waliopooza kwa polio, walirekodi albamu yao ya 2009 hadharani katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, wakaizunguka Ulaya. Sisi hatutazamii kila mtu awe msanii. Mwingine ni mchovu wa maneno, mwingine analalamika kuhusu sombe isiyo na mafuta, kama mzee yeyote wa kanisa. Ana haki ya kuwa hivyo na bado kualikwa tena.

Na wengine watakataa. Mtu aliyekaa ndani miaka kumi anaweza kusema hapana mara tatu, nne. Aulizwe tena baada ya mwezi, na yule yule aliyemuuliza mwanzo, bila kumpelekea zawadi ya kumshawishi. Akikubali, safari ya kwanza iwe fupi: hadi chini ya mwembe wa jirani, au hadi kwenye mazoezi ya kwaya, nusu saa, kisha arudi wakati anaotaka yeye. Njiani kurudi, aulizwe angependa kwenda wapi mwezi ujao na nani, na katibu aliandike jibu hilo kwenye programu ya kanisa, kwenye mstari unaofuata safari ya kwaya, pamoja na jina la mwenye moto atakayemchukua.